Kukaza Shokapu za Nyuma: Ubishi wa Mutoshi Upimwe kwa Rula

Swali moja, majibu manne

Kwenye vituo vya pikipiki za abiria mjini Kolwezi, na zaidi upande wa Mutoshi ambako njia nyingi ni za udongo mwekundu, kuna swali lisilopata jibu moja: pikipiki inayogonga nyuma kila inapoingia shimoni irekebishweje? Mmoja atasema kaza shokapu hadi ngazi ya mwisho, usiziguse tena. Mwingine atasema shokapu za kiwandani hazikutengenezwa kwa ajili ya barabara za mkoa wa Lualaba, basi ongeza chuma: springi ya pili, au shokapu za pikipiki kubwa. Wa tatu anafungua shokapu na kutia oili nzito. Wa nne, na mara nyingi huyu ni mwenye pikipiki wala si dereva, hataki mtu aguse kitu chochote nyumbani.

Kila mmoja ana pikipiki ya kuonyesha kuwa njia yake inafanya kazi, na hilo ndilo linalomchanganya kijana aliyenunua TVS au Boxer yake ya kwanza. Ukweli ni kwamba wanne hawa hawazungumzii tatizo moja. Kugonga nyuma kunaweza kusababishwa na mzigo uliozidi, na springi iliyochoka, na oili iliyovuja, au na ngazi zilizowekwa bila kujali uzito unaobebwa. Sauti ni ileile, na mgongo unauma vilevile, lakini dawa ya chanzo kimoja inaweza kuwa madhara kwa kingine.

Springi na oili hazifanyi kazi moja

Shokapu, au amortisa kama inavyosemwa na mafundi wengi wa Kongo, ina vitu viwili vyenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kumeza pigo la shimo. Ndani yake kuna bomba lenye oili na pistoni yenye vitundu. Kazi ya oili ni kuizuia springi isirudi kwa kasi ikamrusha aliyeketi. Bila springi pikipiki inalala. Bila oili inadunda.

Chini ya springi kuna pete yenye ngazi, mara nyingi 5. Ukiizungusha ipande ngazi, springi inabanwa kabla haijabeba chochote. Wengi hudhani kwamba hapo springi imekuwa ngumu zaidi. Haijawa. Springi inayohitaji kilo 2 ili ibonyee milimita 1 itazidi kuhitaji kilo 2 kwa kila milimita hata ikiwa ngazi ya 5. Kilichobadilika ni mahali inapoanzia: ukiibana milimita 10 mapema, haitaanza kusogea mpaka ibebe kilo 20, na kwa hiyo pikipiki itasimama juu zaidi kwa mzigo uleule. Oili haikuguswa kabisa. Shokapu iliyokwisha oili itabaki imekwisha hata ukiikaza mpaka chuma kilie.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya abiria zina shokapu mbili nyuma, kushoto na kulia. Bajaj Boxer imetengenezwa na springi ndani ya springi, ili ile ya pili isaidie kubeba. Springi nyingine zimesukwa kwa pete zilizobanana upande mmoja na zilizoachana upande mwingine, ziwe laini mwanzoni na ngumu mwishoni. Kwa jumla gurudumu la nyuma la pikipiki za daraja hili lina nafasi ya kupanda na kushuka ya milimita 80 hadi 110. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mtaji wote wa dereva. Akiitumia yote kwa uzito wa abiria, hakuna iliyobaki kwa ajili ya mashimo.

Mzigo na njia za Mutoshi

Tangu Kolwezi iwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, mji umetanuka kuliko barabara zake. Mutoshi, ambako zamani mgodi uliitwa Ruwe, ni sehemu ya habari hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura na shirika la Pact, ilianzisha humo mradi wa kobalti wa wachimbaji wadogo ndani ya eneo lenye uzio. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, mradi ulisimamishwa. Uchimbaji wa mikono haukukoma Lualaba kwa sababu hiyo. Watu, maji, sururu, chakula na magunia ya mawe bado vinasogezwa, na kwenye njia ambazo gari dogo haliwezi au halilipi, vinasogezwa kwa baiskeli na pikipiki, vingine hadi soko la madini la Musompo upande wa barabara ya Likasi.

Pikipiki ya abiria ya daraja hili imekadiriwa na kiwanda kubeba karibu kilo 130 hadi 150, dereva akiwemo. Tuhesabu safari ya kawaida: dereva kilo 70, abiria wawili kilo 130. Ni kilo 200 kabla ya gunia. Tuseme shokapu mbili kwa pamoja zinahitaji kilo 4 kwa milimita 1. Abiria wale wawili peke yao wanaishusha pikipiki milimita 32 hivi, yaani theluthi ya nafasi yote. Kama kupanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 5 kunainua milimita 12, ngazi zote kwa pamoja zinarudisha kidogo tu zaidi ya theluthi moja ya kilichopotea. Tarakimu za pikipiki yako zitatofautiana na hizi, lakini uwiano hautabadilika sana: pete ya ngazi ilikusudiwa kutofautisha dereva aliye peke yake na dereva mwenye abiria mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Pikipiki ya Mutoshi inaenda imejaa na kurudi tupu, kisha inajaa tena, mchana kutwa. Hakuna dereva atakayeshuka kuzungusha pete kila safari. Kwa hiyo swali la kweli ni safari ipi ichaguliwe iwe kipimo, na ipi ivumilie.

Halafu kuna msimu. Kiangazi, vumbi laini hukaa kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu na kusaga sili kila inapopanda na kushuka. Mvua zinapoanza, mnamo Oktoba, tope huchukua nafasi ya vumbi, na mashimo hujificha chini ya maji. Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi: oili ya shokapu huwa nzito alfajiri na nyepesi mchana. Dereva anayekaza asubuhi anapima shokapu tofauti na ile atakayoiendesha saa nane.

Wanaokaza hadi mwisho

Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Kukaza hakugharimu kitu, kunaweza kurudishwa, na kiwanda chenyewe kimekuruhusu. Kwa pikipiki ambayo siku nzima inabeba watu wawili juu ya dereva, ngazi za juu ndizo zinazoipa nafasi ya kumeza shimo. Na pikipiki iliyoinama nyuma ina hatari zake: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba kwenye changarawe, breki ya mbele inashika gurudumu na kuliburuta mapema, na taa inamulika macho ya wanaokuja badala ya barabara. Kwenye barabara ya Likasi usiku, katikati ya malori ya shaba, taa inayotazama juu ni jambo la uhai.

Udhaifu unaonekana wakati wa kurudi. Dereva akiwa peke yake juu ya ngazi ya 5, pikipiki haishuki inavyostahili kushuka. Gurudumu linakuwa limekaa karibu na mwisho wake wa chini, hivyo likifika kwenye shimo halina nafasi ya kulifuata. Linaning'inia, kisha linapiga ukingo wa upande wa pili. Kwenye njia yenye mikunjo kama ubao wa kufulia, tairi hutumia muda mwingi hewani, na tairi lililo hewani halishiki breki. Nyuma ikiinuka, uma wa mbele husimama wima zaidi na usukani huwa mwepesi kupita kiasi mchangani. Wanaoanguka wakirudi tupu mara nyingi hulaumu mchanga.

Na kuna cheni. Gurudumu la nyuma linapopanda, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na kwa kawaida cheni hukaza pikipiki inapobeba. Aliyekaza shokapu, kisha akakaza cheni pikipiki ikiwa tupu na imeinuka, anaweza kujikuta cheni haina mchezo wowote watu watatu wakikaa. Beringi ya giaboksi na sproketi ndizo zinazolipa. Kila ukibadili ngazi, cheni ipimwe upya, mtu akiwa ameketi.

Wanaoongeza chuma

Kundi hili limeona jambo la kweli: kama mzigo umezidi kipimo cha springi, springi ngumu zaidi ndiyo jibu, wala si pete. Shokapu nzuri ya mzigo, yenye urefu uleule na matundu ya kufungia yaleyale, ikifungwa pande zote mbili, ni matengenezo halali. Inapaswa kutajwa hivyo bila kusitasita.

Lakini kinachofanyika barabarani mara nyingi si hicho. Washa nene au kipande cha bomba huwekwa juu ya springi. Hiyo ni kukaza tu kwa njia nyingine, na ikizidi, pete za springi hugusana kabla shokapu haijafika mwisho, hivyo pigo linaingia moja kwa moja kwenye fremu. Vipande vya tairi kuukuu hupachikwa kati ya pete za springi. Hivyo huondoa sehemu ya springi isifanye kazi, na kwa kuwa hakuna vipande viwili vinavyolingana, kushoto na kulia huanza kubeba tofauti na mkono unaoshika gurudumu hupinda polepole. Shokapu ndefu za pikipiki kubwa huinua nyuma na kubadili pembe ya cheni.

Lililo zito kuliko yote ni hili: springi ikiwa ngumu na oili ikabaki ileile, oili haitoshi kuituliza. Springi yenye nguvu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi. Abiria wa nyuma kabisa, ambaye tayari amekaa juu ya ekseli au nyuma yake, ndiye anayerushwa. Na nguvu ambayo shokapu ilikuwa inaimeza haipotei. Inahamia kwenye spoku, rimu, na pale shokapu inapofungwa kwenye fremu. Anayechomelea fremu yake mara kwa mara mahali hapo ajiulize kwanza amefunga nini chini yake.

Wanaofungua oili

Hapa sitachukua muda mrefu. Shokapu nyingi za pikipiki hizi zimefungwa kiwandani zisifunguliwe. Nyingine zina gesi yenye shinikizo, na kutoboa, kukata au kuchomelea shokapu ya namna hiyo kunaweza kuua. Springi iliyobanwa ikichomoka bila kifaa cha kuibana huvunja mkono au uso. Oili ya injini, ambayo ndiyo hutiwa mara nyingi, ni nzito kuliko ile ya shokapu: inakuwa ngumu asubuhi ya baridi, na ikichanganyika na hewa ndani hutoa povu njiani, shokapu inalegea ghafla. Wapo mafundi wenye sili mpya, kifaa cha kubana na oili sahihi, na kazi yao inaheshimika. Kazi hiyo si ya nyumbani.

Wanaosema usiguse

Mwenye pikipiki anayekataza ana sababu ya kukataza. Dereva humpelekea hesabu ya siku; abiria wa tatu ni faida ya dereva, spoku zilizokatika ni hasara ya mwenye chombo. Anaona kila kukaza ni maandalizi ya kubeba zaidi, na mara nyingi yuko sahihi.

Hata hivyo katazo lake linaiacha pikipiki kwenye ngazi iliyotoka nayo dukani, na ngazi hiyo haikuwekwa na mtu aliyemwona dereva wake wala barabara yake. Kutokugusa nako ni kuchagua ngazi, tena bila kupima. Pikipiki inayogonga chini kutwa inamharibia mali haraka kuliko dereva mwenye spana.

Kupima kabla ya kuzungusha

Kinachoweza kufanyika nyumbani ni kingi, na hakihitaji zaidi ya rula, msaidizi na spana ya ndoano inayoshika pete. Nyundo na bisibisi vitazungusha pete pia, lakini vitakula meno yake.

Kwanza ujue kama shokapu ingali hai. Ikandamize nyuma ya pikipiki kwa nguvu, kisha iachie. Ikipanda na kutulia, oili ipo. Ikidunda mara mbili au tatu, au ukiona chuma kimelowa oili, acha kila kitu kingine: nunua shokapu mbili, jozi. Kubadili moja kunaiacha ile kuukuu ikimwachia mpya kazi yote. Tikisa pia gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha, na hakuna ngazi itakayotuliza pikipiki hiyo. Angalia upepo wa tairi la nyuma, ambalo kwa wengi ni kama psi 28 dereva akiwa peke yake na psi 32 akiwa na abiria. Tairi laini huiga kila dalili ya shokapu mbovu.

Baada ya hapo, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali tambarare, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na upime kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoiweka wima juu yake kwenye fremu. Andika. Kisha iteremshe, watu wapande kama wanavyopanda kila siku, na msaidizi apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi iliyoliwa na uzito. Kwa dereva peke yake, robo hadi theluthi ya nafasi yote ni nzuri, yaani kama milimita 25 hadi 35. Kwa mzigo wa kila siku, milimita 40 zinavumilika. Ikizidi nusu, panda ngazi moja, pande zote mbili sawasawa, upime tena. Osha pete na uipake oili kidogo kabla ya kuizungusha, uzito ukiwa umeondolewa, maana changarawe za laterite huing'ang'aniza.

Kipimo cha mwisho ni uzi. Ufunge kwenye chuma kinachong'aa ndani ya springi, uusukume hadi kwenye sili, na uendeshe siku nzima. Jioni utaona ulipofika. Ukifika mwisho mara moja, palikuwa na shimo baya. Ukifika mwisho kila siku, ngazi hazitoshi au mzigo umezidi.

Na kabla ya kupanda ngazi ya mwisho, tazama gunia limefungwa wapi. Gunia la kilo 50 likikaa sentimita 25 nyuma ya ekseli, kwa pikipiki yenye sentimita 125 kati ya magurudumu, linaweka kilo 60 kwenye gurudumu la nyuma na kulinyima lile la mbele kilo 10. Lisogeze mbele hadi juu ya ekseli, na kilo 10 hizo zinarudi kwenye usukani. Ni dakika chache za kamba, na kwa usalama wa usukani zinazidi ngazi yoyote.

Ipi ina uzito

Nikiziweka hoja zote pamoja, naona wanaokaza wana chombo sahihi na kipimo kibaya. Ngazi ni kwa ajili ya mzigo unaobebwa kilomita nyingi zaidi, wala si kwa ajili ya mzigo mkubwa kuliko yote. Dereva ambaye nusu ya siku yuko na abiria mmoja na nusu yuko peke yake atafaidika na ngazi ya 2 au ya 3, atavumilia kugonga mara moja moja, na siku ya kubeba gunia ataongeza mbili kisha kuzirudisha jioni. Wanaoongeza chuma wako sahihi pale tu wanapofunga jozi kamili ya shokapu za mzigo. Washa na vipande vya tairi naviweka nje ya hesabu. Oili iachwe kwa fundi mwenye kifaa. Na mwenye pikipiki aruhusu pete izungushwe, kwa masharti.

Masharti hayo yanaweza kuwa mepesi. Ngazi iliyokubaliwa na idadi ya abiria viandikwe pale pale panapoandikwa hesabu ya siku, na bei ya jozi ya shokapu igawanywe kati ya dereva na mwenye chombo kwa namna ambayo abiria wa tatu anamgharimu yule anayempakia. Kituo kinaweza kununua spana moja ya ndoano na rula moja ya chuma, vikae kwa mtu mmoja anayeaminika. Mahali pa kuanzia ni wiki ya kwanza ya mvua, kabla mashimo ya njia ya Mutoshi hayajafunikwa na maji, kwa kufunga uzi kwenye kila shokapu kituoni na kusoma jioni ulipofika.